Mzigo wa Mzaramo

Mrisho, mkaguzi wa tiketi, aliuma ulimi mpaka kipande kikamdondokea kifuani, na nguzo ilikuwa haijashuka hata nusu.

"Bado!" mabenchi ya nyuma yalishangilia. "Bado haijaisha hiyo! Tulia, bwana tiketi!"

Nguzo ni ile ya taa, inayochomoza sakafuni kwenye ukuta wa Ukumbi wa Marejesho, stesheni ya Tabora. Siku hiyo ilikuwa na rangi ya chungwa, ikishuka taratibu kama uji mzito kwenye chujio. Kila kilichopungua pale ukutani kiliingia mwilini mwa Mrisho kupitia fulana ya nyaya iliyoloweshwa maji ya chumvi. Alikuwa amemwinua mama mwenye kichanga kwenye kiti alichokilipia, akamkalisha rafiki yake, na yule mama akasimama tangu Uvinza. Basi maumivu ya miguu ya mama, kilio cha kichanga, na hasira ya behewa zima lililokoseshwa usingizi, viti vya treni vilivihisi vyote. Mizani, mashine ya ukumbi ule, ikajumlisha. Sasa mwenye mali alikuwa anarudishiwa mali yake.

Kando ya kiti cha Mrisho alisimama Kalunde Mlekwa, na mbele yake mpini wa chuma aliokwisha kuushusha. Ukishashushwa haurudi juu mpaka nguzo iishe. Kalunde ni msusi. Banda lake liko nyuma ya stesheni, na kama unataka kujua nani kaachika, nani kajifungua na nani kakopa gauni la harusi, nenda ukasukwe pale. Mwezi huo kura ya wananchi ilimwangukia yeye kuwa msimamizi, maana sheria inataka mpini ushushwe na mkono wa raia, si wa mtumishi wa shirika, ili kesho mtu asije akasema mashine ndiyo iliyofanya.

Ghafla mke wa Mrisho akaruka kizuizi, akamkumbatia mumewe. Wakatetemeka pamoja kama vifaranga vilivyonyeshewa. Ukutani nguzo ikapasuka katikati, zikawa nguzo mbili nyembamba, zikashuka sambamba. Walipomaliza walitapikiana mabegani, na ukumbi ukacheka mpaka karanga zikamwagika.

"Mapenzi hayo!" mtu alisema. "Mwanamke kaolewa na shoti!"

Kicheko kile kilihamia bandani kwa Kalunde na kukaa wiki nzima.

*

Tusidanganyane, watu waliipenda Mizani. Aliyeikuta reli ya zamani ndiye anayejua. Treni ilikuwa inaondoka ikijisikia, choo cha behewa unakiona kwa pua kabla ya macho, na sanduku la maoni pale mlangoni lilikuwa limehamiwa na nyigu, kiasi kwamba mwenye lalamiko aliondoka amevimba. Dada yake Kalunde, Nyamizi, alipatwa na uchungu wa uzazi katika behewa lililosimama porini kutwa nzima kwa sababu dereva alikuwa ameshuka kwenda kula pombe ya msiba. Alikufa na mtoto tumboni. Dereva yule alikatwa posho.

Kwa hiyo Shirika la Mwale lilipoleta viti vinavyohisi, likaahidi kwamba kila uchungu wa abiria utarudishwa kwa mhusika bila kupungua, Kalunde alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Tangu hapo watu walirekebisha saa zao kwa honi ya treni.

Mwenye Mizani alikuwa Injinia Ndelwa, mtu mrefu, msafi, ambaye hata mwezi wa kumi hatoki jasho. Ukumbi alioujenga aliuwekea mabenchi yaliyong'olewa kwenye mabehewa yaliyostaafu, na viti vyake bado vilikuwa vinahisi.

"Hata watazamaji tunawapima," alimwambia Kalunde siku ya kumwapisha. "Wakikerwa humu ndani, mhusika ni mimi. Jina langu liko kwenye mashine, nimeliandika mwenyewe. Sijipendelei."

"Na mimi?"

"Msimamizi hakai. Anasimama juu ya bamba la chuma, hapimwi."

"Injinia, wewe kabila gani vile?"

"Kwa nini?"

"Nijue kama wewe mtani wangu, nikutukane kwa raha."

Ndelwa alitabasamu kidogo sana. "Mimi sina mtani, mama. Kabila langu ni takwimu."

Mtani wa Kalunde aliyejulikana stesheni nzima alikuwa Pazi, dereva wa treni ya Kigoma. Mzaramo na Mnyamwezi, mambo ya tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakitukanana njia nzima toka bara hadi pwani na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Pazi kila akifika, kabla hata ya kunawa uso, alipitia bandani.

"Hodi mpagazi! Umetua mzigo wa leo, au bado uko kichwani?"

"Karibu, muuza minazi! Ngoma ya jana umeichezea nini, umeuza na godoro?"

"Godoro nimemwachia mama yako."

"Na ukifa, Pazi, mimi ndiye nitakayelala kaburini mwako wasikuzike, mpaka ndugu zako wanikomboe kwa mbuzi. Na kwenu mbuzi hamna, utaozea juu juu!"

Wateja walicheka mpaka vichana vikaanguka. Pazi naye alicheka, mdomo wazi, meno yake yote meupe.

*

Siku treni ya Kigoma ilipochelewa, watu hawakuamini. Walijua saa zao ndizo mbovu. Jua lilipita utosini, likainama, jukwaa likajaa. Ndugu wa wasafiri, wauza maji, waliopita tu wakasikia kelele. Kalunde alifunga banda, akaja na vitambaa vya kazi bado begani.

Ilipoingia, iliingia bila honi. Vioo kadhaa vilikuwa vimevunjwa kutoka ndani, na kwenye vioo hivyo palikuwa na damu.

Milango ilipofunguka, joto lilitoka kwanza, kama unapofunua sufuria. Kisha watu. Walishuka wakijikokota, midomo imepasuka, wanawake kanga zimegandia miilini, watoto hawalii tena. Na nyuma yao kijana mmoja mpana wa mabega, Luhende, alishuka amembeba baba yake mikononi. Mzee Masele alikuwa muuza ngozi, Msukuma wa kule Kahama, anayejulikana kwa salamu ndefu. Alikuwa amekufa, macho hayajafumbwa.

Luhende alimlaza baba yake kwenye benchi la jukwaa, akamvua viatu, akavipanga vizuri chini. Akaenda kwenye injini.

Alimtoa Pazi kwa shati. Pazi alishika nguzo ya ngazi, Luhende akampiga vidole kwa kokoto la reli mpaka akaachia. Baada ya hapo haikuwa kazi ya mtu mmoja tena. Walimpiga kwa viatu, kwa chupa, kwa kufuli la begi. Bibi mmoja aliyekuwa hawezi kusimama alisogezwa mbele na wajukuu wake ili naye apate kumpiga bakora. Msaidizi wa Pazi alijaribu kusema jambo, akapigwa jiwe la sikio, akakaa chini na hakuinuka tena. Kalunde alisikia mlio wa meno ya Pazi kabla ya kuona uso wake, mlio kama wa mtu anayetafuna barafu.

"Mwacheni!" alipaza sauti. "Mizani ipo! Mwacheni, atarudishiwa!"

Neno hilo ndilo lililomwokoa. Walinzi walipita katikati, wakamkokota hadi ukumbini, na umati ukafuata, kila mmoja akikata tiketi yake ya ukumbi mlangoni kama kawaida, maana hata katika hasira Tabora watu wana utaratibu.

*

Nguzo ilikuwa nyekundu hadi darini, na bado ilikuwa inapanda. Ilipokosa ukuta ilianza kujikunja juu ya dari, kuelekea upande wa pili.

Juu kidogo ya nusu ya ukuta kuna mstari mweusi. Uliwekwa na daktari: ukivuka hapo, moyo wa mtu mmoja hausubiri. Tangu ukumbi ufunguliwe hakuna aliyewahi kuugusa.

Kalunde alimfuata Ndelwa nyuma ya pazia.

"Huyo atakufa."

"Ndiyo," alisema Injinia. Hakufurahi, hakuhuzunika. "Ni bahati mbaya."

"Kwa nini alisimamisha treni?"

Ndelwa alimwonyesha kioo cha mkononi. Picha ilitoka kwenye jicho la injini, mbele kule ambako abiria hawakuweza kuona. Mto Malagarasi ulikuwa umetapika, maji ya matope yamekula tuta la reli mbele ya daraja, na vyuma viwili vya reli vilikuwa vinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Treni ilikuwa imesimama kiasi cha kutema mate kutoka pale. Nguzo za umeme zilikuwa zimelala majini, kwa hiyo mabehewani hakukuwa na upepo. Milango Pazi hakuifungua. Maji yalikuwa yamefika ngazi, na kwenye maji kulikuwa na mamba. Maji yalipopungua na mafundi wakaunga reli na umeme, ndipo treni ilipovuka.

"Amewaokoa wote," Kalunde alisema.

"Kweli. Isipokuwa mmoja."

"Sasa mashine yako haioni?"

"Mizani inapima kilichotokea. Kisichotokea hakina uzito."

"Mtoto akichomwa sindano ya chanjo analia. Mizani yako ingemnyonga nesi!"

Ndelwa alifikiri, kwa uaminifu kabisa. "Ingemwadhibu kidogo," alisema. "Mama Kalunde, nisikilize. Siku nitakayokubali sababu moja nzuri, kesho yake kila dereva atakuja na sababu nzuri. Yule aliyekwenda kula pombe ya msiba, unadhani hakuwa na sababu? Dada yako alikufa ndani ya sababu ya mtu."

Hapo alimpata.

"Nikikataa kushusha?"

"Raia mwingine atashusha. Yuko mmoja amekwisha kujitolea."

Kalunde alichungulia. Luhende alikuwa amesimama karibu na mpini, mikono inanuka damu. Hakuwa na haraka. Alikuwa anaungoja mpini kama mtu anavyongoja zamu bombani.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa hali. Akikataa, mtani wake anakufa kwa mkono wa mwingine, naye anaenda nyumbani na mikono safi. Akikubali, anakufa kwa mkono wake. Kuhusu kutokufa hakuna aliyeulizwa.

*

Walikuwa wamemfunga Pazi kitini. Jicho moja lilikuwa limefunga kabisa. Fulana ya nyaya ilikuwa inatona maji ya chumvi juu ya majeraha, na kila tone lilimfanya avute pumzi kwa kifua chote.

Kalunde aliinama, kama anayekaza mkanda.

"Mzaramo."

Jicho lililobaki lilimtafuta. "Mpagazi," Pazi alisema. Bila meno, neno lilitoka limelowa. "Lala... lala kaburini basi. Mbuzi... hamna."

Ukumbi ulikuwa unapiga benchi kwa viganja. Vuta! Vuta! Vuta!

Kalunde alinyooka. Wanawake anaowasuka walikuwa pale mbele, na waume zao, na mwenye duka la mafuta, na watoto wa mtaa wa Isevya aliowaogesha wakiwa wachanga. Nyuso zote anazijua, na siri zao anazijua. Robo yao, akihesabu kwa haraka haraka, ni Wanyamwezi watupu.

"Jamani!" alisema. Sauti ya msusi haina haja ya kipaza. "Kabla sijashusha, nina swali. Katika nchi hii, kabila gani linatukanwa kwamba kazi yake ni kubeba mizigo?"

Vicheko viwili vitatu. "Si sisi hao!" mzee mmoja alijibu.

"Na aliyetutukana sana ni nani?"

"Mzaramo!"

"Basi mzigo wa Mzaramo huu hapa, umemshinda. Tangu lini mzigo wa mtani ukalala njiani na Mnyamwezi anatazama? Mzee wetu akifa, hawa ndio wanaokuja kutuchekesha msibani. Hawa ndio wanaoosha sufuria zetu. Leo mtani amefungwa mbele yenu, na nyie mnatafuna karanga?"

Kisha Luhende akasema, bila kupaza, "Hata sisi Wasukuma ni watani zake. Baba yangu alikuwa mtani wake. Mimi simbebi."

"Hujalazimishwa, baba," Kalunde alimjibu. "Umefiwa. Kaa tu."

Akashusha mpini. Na kabla chuma hakijagonga chini, alitoka kwenye bamba lake akamkumbatia Pazi.

Alichokisikia hakikuwa shoti. Kilikuwa joto. Joto la behewa lililofungwa, lililomwingia puani na kumkausha ubongo. Kiu. Kibofu kilichojaa cha mtu asiyemjua. Woga wa mtoto anayeona mama yake amelegea na haamki. Mkono uliokatwa na kioo. Vyote kwa pamoja, vikipandana, na chini ya vyote kitu kikubwa kilichobana kifua kama ng'ombe aliyekaa juu yake. Akajua kwamba huyo ndiye Mzee Masele. Alipiga kelele, akajiuma bega, akamng'ang'ania Pazi aliyekuwa anatupa kichwa huku na huku akimpiga kidevu.

Ukutani nguzo ilipasuka, zikawa mbili. Bado zote mbili zilipita mstari mweusi.

Mke wa Mrisho ndiye aliyefuata. Hakuwa Mnyamwezi wala hakuwa mtani wa mtu yeyote pale. Alijua tu kunavyokuwa. Aliruka kizuizi kama alivyoruka siku ile, akamshika Kalunde kiuno, na kwa mkono wa pili akanyoosha nyuma, vidole vimekunjuka, akingoja.

"Wanyamwezi mna laana!" alilia. "Mwacheni mwanamke wa Kimanyema abebe, nyie mkae!"

Hilo lilimwinua mwenye duka la mafuta. "Aaa, hatutukanwi na Mmanyema!" Akashika. Akapigwa chini, akashika tena. Mkewe akamshika shati akitaka kumvuta atoke, naye akanaswa, akaanza kumtukana mumewe na ukoo wake wote, lakini hakuachia. Mnyororo ukaingia mabenchini. Walishikana mikono wakiwa wamekaa, maana kusimama hakuwezekani. Mzee mmoja alivunjika mkono kwa kukakamaa. Msichana mmoja alijisaidia papo hapo. Mtu akapiga yowe, "Hiki kibofu cha nani jamani, mwenyewe ajitokeze!" na katikati ya vilio wengine walicheka, kicheko cha ajabu, kama mbwa wanavyolia mwezi ukipatwa.

Nguzo zilikuwa nyingi sasa, nyembamba kama vijiti vya mshikaki, zote chini ya mstari. Zikashuka. Zikaisha.

Mpini ukarudi juu, wenyewe, kwa mlio mdogo.

Pazi alikuwa hai.

*

Ndipo nguzo nyingine ilipowaka, ukuta wa mkabala, ambao hakuna aliyewahi kuuona ukiwaka.

Ilianza chini, ikapanda kama maziwa yanayochemka. Ikavuka mstari mweusi. Ikafika dari. Chini yake maandishi: UKUMBI WA MAREJESHO. Na chini ya hayo: MHUSIKA, G. NDELWA.

Ilichukua muda watu kuelewa. Kisha mwenye duka la mafuta, aliyekuwa bado amelala kifudifudi, akainua kichwa. "Viti," alisema. "Tumeumia tukiwa kwenye viti."

Ndelwa alikuwa ameelewa kabla yao. Alitembea haraka kuelekea mlango wa nyuma, hakukimbia, na walinzi ndio waliomshika. Walinzi nao wana ndugu mabenchini. Pazi alifunguliwa, akalazwa sakafuni. Kiti kilikuwa bado cha moto Ndelwa alipokalishwa. Hawakumvua shati, walilichana. Alikuwa mwembamba kuliko alivyoonekana.

"Ni hitilafu," alisema. "Uchungu uleule umehesabiwa mara mbili. Mama Kalunde, waeleze. Uliokwisha kurudishwa hauwezi..."

"Kilichotokea kimetokea," Luhende alisema. "Si ndivyo?"

Vuta! Sasa hata waliovunjika walikuwa wanaimba. Vuta! Vuta!

Kalunde alipanda kwenye bamba lake. Ngozi yake yote ilikuwa inawaka bado, na ndani ya moto huo kulikuwa na hasira tamu, safi, aliyokuwa hajaionja tangu siku ya kumzika Nyamizi. Aliushika mpini.

"Hakuna..." Ndelwa alitazama mabenchi, safu kwa safu. Kwa mara ya kwanza jasho lilikuwa linamtoka. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeuliza njia. "Hakuna mtani wangu humu?"

"Waite takwimu wenzako!" sauti ya nyuma ilijibu, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Mtu yeyote angeweza kumshika. Mke wa Mrisho alikwisha kuonyesha kwamba hauhitaji kabila. Kalunde alilijua hilo, na mkono wake ulikuwa karibu na bega la yule mtu kiasi cha kumfukuzia inzi.

Akashusha.

Haikuchukua muda. Mgongo ulijikunja mpaka kitu kikalia ndani yake, damu ikamtoka puani na masikioni, visigino vikapiga sakafu kama mtu anayekimbia, halafu vikaacha. Nguzo ikaendelea kushuka ndani ya mwili usiokuwa na mtu.

Watu walikuwa wamesimama juu ya viti, wanakumbatiana. Ukutani mashine ikapima tena ukumbi, kama inavyopima siku zote baada ya Marejesho, na ikaandika tarakimu moja.

UCHUNGU WA UKUMBI: 0.

Kalunde aliisoma mara mbili. Akamtafuta Luhende. Luhende, ambaye baba yake alikuwa amelala kwenye benchi la nje na viatu vimepangwa, alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na kiti chini yake kilisoma kwamba hana linalomuuma.

Alishuka kwenye bamba akijishikiza kizuizini, akakaa kwenye benchi la kwanza aliloliona. Alitaka kukaa tu. Aliona mkono wake, ule uliokuwa karibu na bega.

Sifuri ikabadilika.

Nguzo ikachomoza sakafuni, ya chungwa, ikapanda. Ukumbi ulinyamaza kidogo kidogo, benchi baada ya benchi, wakiitazama. Mashine ilimtafuta mhusika. Ndelwa hakuwepo tena, ikashuka kwenye orodha yake hadi kwa mwenye cheo anayefuata ukumbini, msimamizi, na ikaandika: MHUSIKA, K. MLEKWA.

"Kumbe," mtu alinong'ona. "Ni yeye mwenyewe."

Na kadiri alivyolisoma jina lake ndivyo lilivyozidi kumuuma, na kadiri lilivyomuuma ndivyo nguzo ilivyopanda. Iliugusa mstari mweusi. Hakuna aliyeimba. Lakini hakuna aliyetoka pia. Kila mtu alikuwa na tiketi yake. Walinzi walitazamana, kisha wakamwinua, mmoja kila kwapa, kwa heshima. Walimtoa Ndelwa kitini, wakamweka yeye. Fulana ilikuwa na damu ya watu wawili, ya baridi na ya moto.

Luhende alikuwa keshaushika mpini.

Kitu kilimgusa Kalunde mguuni. Pazi alikuwa amejikokota kutoka alipolazwa, akiacha mstari sakafuni, na vidole vyake vilivyovunjwa vilikuwa vinajaribu kujifunga kwenye kifundo chake, vinashindwa, vinajaribu tena.

"Sogea, mpagazi," alisema, mdomo mtupu. "Leo nabeba mimi."